Swichi mbili, njia mbili: mwongozo kamili wa kuunganisha seva na hifadhi ya pamoja

Swichi zimenunuliwa mbili, kebo zimechomekwa mbilimbili, lakini siku swichi moja inapozima, mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya seva) zote zinaganda. Tatizo hili linarudi kila mara, na karibu kila mara chanzo ni kimoja: mahali fulani kati ya seva na diski, njia mbili zimekutana tena zikawa moja. Huenda ni UPS (betri ya kushikilia umeme), huenda ni kadi ya mtandao, huenda ni kebo iliyounganisha swichi zenyewe, au muda wa kusubiri ambao hakuna aliyewahi kuugusa.

Hapa tutajenga njia mbili zisizokutana popote, kisha tutazikata kwa makusudi tuone kama kazi inaendelea. Mfano wetu ni seva tatu zenye Debian au Proxmox VE (mifumo ya Linux), hifadhi moja yenye kontrola mbili (ubongo unaoendesha diski zake) inayotoa LUN (diski ambayo seva huiona kupitia mtandao) kwa iSCSI (itifaki ya kupeleka amri za diski juu ya mtandao wa IP), na swichi mbili za 10G (gigabiti 10 kwa sekunde).

## Vifaa vinavyohitajika

- Swichi 2 za 10G zenye poti za SFP+ (tundu la kuchomeka kebo za 10G), aina moja na famweya (programu ya ndani ya kifaa) moja. Kwa mfano huu kila swichi itatumia poti 5 tu, ila nunua yenye nafasi ya kukua.
- Kadi 2 za mtandao za 10G kwa kila seva, yaani kadi 6. Usinunue kadi moja yenye poti mbili. Sababu iko hatua ya 2.
- Hifadhi yenye kontrola 2, kila kontrola ikiwa na angalau poti 2 za iSCSI.
- Kebo 10 za DAC (kebo fupi za shaba zenye plagi za SFP+): 6 za seva na 4 za hifadhi. Ndani ya raki moja, mita 1 hadi 3 zinatosha. Ongeza 2 za akiba.
- UPS 2, kila moja ikiweza kubeba mzigo wote peke yake.
- Mkanda wa rangi mbili, buluu na kijani, pamoja na lebo za kebo.
- Mtandao wa usimamizi ulio kando, kwa ajili ya kuingia kwenye swichi na kontrola.

Usichanganye seva za 1G na hifadhi ya 10G kwenye mtandao huu. Hifadhi ikijibu kwa kasi ya 10G kuelekea poti ya 1G, bafa (kumbukumbu ya muda) ya swichi inajaa, pakiti zinadondoka, TCP (itifaki inayohakikisha data inafika) inarudia kutuma, na diski zinaonekana nzito ilhali hakuna kifaa kilichoharibika.

## Hatua ya 1: Chora njia kabla ya kugusa kebo

Chukua karatasi uigawe katikati. Upande mmoja andika BULUU, mwingine KIJANI. Kila kifaa kinachobeba data ya hifadhi lazima kiwe upande mmoja tu, isipokuwa seva yenyewe na kasha la hifadhi.

| Kifaa | Buluu (swichi 1) | Kijani (swichi 2) |
|---|---|---|
| Kontrola A | poti 1: 10.10.10.11 | poti 2: 10.10.20.11 |
| Kontrola B | poti 1: 10.10.10.12 | poti 2: 10.10.20.12 |
| Seva 1 | kadi 1: 10.10.10.21 | kadi 2: 10.10.20.21 |
| Seva 2 | kadi 1: 10.10.10.22 | kadi 2: 10.10.20.22 |
| Seva 3 | kadi 1: 10.10.10.23 | kadi 2: 10.10.20.23 |

Kosa la kwanza kabisa hutokea hapa: mtu anachomeka kontrola A yote kwenye swichi 1 na kontrola B yote kwenye swichi 2, kwa sababu inaonekana nadhifu. Swichi 1 ikizima, seva zote zinapoteza kontrola A pia, na LUN zote zilizokuwa chini yake zinalazimika kuhamia kontrola B. Kila kontrola lazima iwe na mguu mmoja kwenye kila swichi.

Ukihesabu vizuri, kila seva itaona njia 4 kwenda kila LUN: kadi ya buluu kwenda A na B, kadi ya kijani kwenda A na B. Ikumbuke namba hiyo 4. Ndiyo utakayoitafuta katika hatua zote zinazofuata.

Kuhusu kuunganisha swichi zenyewe. Kwa iSCSI yenye sabneti mbili (vikundi viwili tofauti vya anwani za IP), usiziunganishe, na usizifanye staki moja (swichi zinazosimamiwa kama moja). Swichi za staki zina akili moja: ukisasisha famweya, mara nyingi staki nzima inaanza upya, na pande zote mbili zinakatika kwa wakati mmoja. Kebo kati ya swichi nayo inaleta hatari ya mzunguko (pakiti kuzunguka bila mwisho), na dhoruba ya matangazo iliyoanzia upande mmoja itavuka kuangusha wa pili. Hapa utengano ndio ulinzi wenyewe.

Kuhusu LACP (itifaki ya kufunga kebo kadhaa zionekane kama moja). Wengi hufunga poti mbili za seva kwa LACP wakidhani watapata kasi ya 20G na usalama juu yake. Sesheni moja ya iSCSI ni mtiririko mmoja wa TCP, na LACP hupeleka mtiririko mmoja kwenye kebo moja tu. Tena LACP ya kawaida haiwezi kufungwa kwenye swichi mbili zisizojuana. Kazi ya kugawa mzigo na kuruka njia iliyokufa iachie multipath (programu inayoziunganisha njia zote za LUN moja) ndani ya seva, kwa sababu yenyewe inaiona njia hadi kwenye LUN. LACP inaona kebo tu.

## Hatua ya 2: Umeme na kadi

Panga umeme kwa ramani ileile. Swichi ya buluu iwe kwenye UPS 1, swichi ya kijani kwenye UPS 2. Seva na hifadhi zenye pawa saplai mbili ziwe na waya mmoja kila UPS. Swichi ikiwa na pawa saplai moja tu si neno, mradi zisiwe zote mbili kwenye UPS ileile.

Soma mzigo kwenye kioo cha kila UPS wakati wa kazi nyingi. Zote mbili zikiwa zinafanya kazi, kila moja isizidi takriban asilimia 45. Sababu ni hesabu ya wazi: moja ikifa, nyingine inabeba vyote. UPS mbili zenye asilimia 60 kila moja ni kama UPS moja iliyogawanywa, maana ya kwanza ikizima ya pili inazidiwa na kuzima dakika hiyohiyo. Palipo na jenereta, UPS ndizo zinazobeba zile sekunde za kubadilisha chanzo, kwa hiyo betri iliyochoka upande mmoja huonekana kwa mara ya kwanza siku umeme unapokatika. Zijaribu mapema.

Ndani ya seva, weka kadi mbili kwenye nafasi mbili tofauti za PCIe (tundu za kadi kwenye bodi). Kadi yenye poti mbili ina chipu moja na draiva moja. Ikifa, buluu na kijani zinakufa pamoja. Ukiwa na poti ya 10G kwenye bodi, tumia hiyo kwa upande mmoja na kadi ya PCIe kwa upande wa pili.

## Hatua ya 3: Chomeka na uweke alama

Funga mkanda wa buluu kwenye ncha zote mbili za kila kebo ya buluu, na kijani vivyo hivyo. Andika lebo inayotaja vifaa vyote viwili, mfano "S2-kadi1 / SW1-poti3". Lebo inayosema "iSCSI" tu haimsaidii anayekuja saa nane usiku kutoa kebo mbovu.

Ukiona kebo ya buluu imeingia kwenye swichi yenye mkanda wa kijani, simama urekebishe. Usiseme utalikumbuka.

*Mafanikio:* taa za poti 5 zinawaka kila swichi, na poti zote zinaonyesha 10G.

## Hatua ya 4: Sanidi swichi

Mipangilio ni michache, na kila mmoja una sababu yake:

1. VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi). Buluu VLAN 110, kijani VLAN 120. Usitumie VLAN 1, kwa kuwa poti yoyote mpya huangukia humo.
2. Hakuna getiwei (njia ya kutokea nje ya mtandao). Usiipe swichi anwani ya IP ndani ya VLAN hizi, wala usizipeleke kwenye ruta ya ofisi. Ruta ikizijua, upande mmoja ukikatika data ya diski inaweza kuzungukia kwenye mtandao wa ofisi, ikapita kwenye faiawoli, na utaona mfumo unakwenda kwa kusuasua bila kujua kwa nini.
3. MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti) 9216 kwenye poti zote za hifadhi. Seva na kontrola zitatumia 9000. Swichi inahitaji nafasi ya ziada kwa vichwa vya fremu. Baadhi ya swichi hazitumii mabadiliko haya hadi zianzishwe upya, kwa hiyo fanya sasa kabla data haijaanza kupita.
4. Spanning tree (itifaki ya kuzuia mizunguko kati ya swichi): poti za pembeni. Washa portfast (poti ipitishe data mara moja), au jina linalotumiwa na swichi yako kwa kazi hiyo, pamoja na BPDU guard (huizima poti ikichomekwa swichi nyingine). Bila hivyo, spanning tree ya zamani huizuia poti kwa sekunde 30 baada ya taa kuwaka. Seva inaona kebo iko hai, inatuma, na pakiti haziendi popote.
5. Flow control (kifaa kumwomba mwenzake asimame kidogo asitume). Fuata maelekezo ya aliyetengeneza hifadhi, kisha hakikisha swichi, seva na kontrola zinakubaliana. Upande mmoja ukiwasha na mwingine ukazima, ni afadhali pasiwe nayo kabisa.

Zima poti zote zisizotumika, kisha hifadhi mipangilio. Swichi nyingi hutumia amri mpya papo hapo bila kuziandika kwenye kumbukumbu ya kudumu. Umeme ukikatika, kazi yote inapotea.

## Hatua ya 5: Anwani na kipimo cha MTU

Kwenye seva ya kwanza, katika `/etc/network/interfaces`:

```
auto ens1f0
iface ens1f0 inet static
    address 10.10.10.21/24
    mtu 9000

auto ens2f0
iface ens2f0 inet static
    address 10.10.20.21/24
    mtu 9000
```

Hakuna mstari wa gateway, na usiuongeze. Sabneti ni mbili kwa sababu Linux yenye kadi mbili ndani ya sabneti moja hujibu ARP (swali la nani ana anwani fulani) kupitia kadi yoyote. Hapo trafiki yote inaweza kupita upande mmoja huku ukidhani unatumia miwili.

Sasa pima:

```
ping -M do -s 8972 -c 5 -I ens1f0 10.10.10.11
ping -M do -s 8972 -c 5 -I ens1f0 10.10.10.12
ping -M do -s 8972 -c 5 -I ens2f0 10.10.20.11
ping -M do -s 8972 -c 5 -I ens2f0 10.10.20.12
```

8972 ni 9000 ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP (itifaki ya ping). Kipengele `-M do` kinakataza pakiti kukatwakatwa.

Usiruke kipimo hiki. MTU isipolingana, ping ya kawaida itapita, seva itaingia kwenye iSCSI, LUN itaonekana, kisha kila kitu kitaganda mara unapoandika faili kubwa. Pakiti ndogo zilipita. Kubwa zinatupwa kimyakimya. Watu hulaumu hifadhi kwa siku nzima kumbe ni poti moja ya swichi iliyobaki 1500.

*Mafanikio:* majibu 5 kati ya 5 kwa anwani zote nne, kutoka kila seva.

## Hatua ya 6: iSCSI na muda wa kusubiri

Angalia kwanza `/etc/iscsi/initiatorname.iscsi` kwenye kila seva. Kama seva zilitokana na nakala moja, jina litakuwa lilelile kwa zote, na hifadhi itaziona kama seva moja inayojigonga. Tengeneza jina jipya kwa amri ya `iscsi-iname` na uliandike humo.

Kisha, kabla ya kutafuta LUN, rekebisha `/etc/iscsi/iscsid.conf`:

```
node.startup = automatic
node.conn[0].timeo.noop_out_interval = 5
node.conn[0].timeo.noop_out_timeout = 5
node.session.timeo.replacement_timeout = 5
```

Mstari wa mwisho ndio unaogandisha seva nyingi. Kawaida yake ni sekunde 120: njia ikifa, iSCSI inasubiri dakika mbili ikitumaini itarudi, na muda huo wote multipath haijaambiwa kitu. Diski ya SCSI ndani ya Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu. Mashine pepe inakata tamaa, na mfumo wa faili unageuka wa kusoma tu.

Kwa namba hizi, kipimo cha uhai kinatumwa kila sekunde 5, jibu linasubiriwa sekunde 5, na njia inatangazwa imekufa baada ya 5 nyingine. Jumla ni 15 kwa hali mbaya zaidi, chini ya 30.

Faili hii huathiri rekodi mpya tu. Kama ulishatafuta LUN zamani, rekodi za zamani bado zina 120, na lazima uzibadilishe:

```
iscsiadm -m node -o update -n node.session.timeo.replacement_timeout -v 5
```

Sasa tafuta na uingie:

```
iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.10.11
iscsiadm -m node -L all
iscsiadm -m session
```

Hifadhi nyingi zitataja anwani zote nne ukiuliza moja. Zisipotajwa zote, uliza pia upande wa kijani. Ukiweka CHAP (uthibitisho wa seva kwa neno la siri), neno la siri liwe na herufi 12 hadi 16.

*Mafanikio:* sesheni 4, moja kwa kila anwani. Thibitisha muda kwa `cat /sys/class/iscsi_session/session*/recovery_tmo`. Kila mstari uonyeshe 5.

## Hatua ya 7: Multipath

Sasa seva inaona diski nne, ilhali LUN ni moja. Sakinisha `multipath-tools`, kisha andika `/etc/multipath.conf`:

```
defaults {
    user_friendly_names yes
    find_multipaths yes
    polling_interval 5
    path_grouping_policy group_by_prio
    prio alua
    path_selector "service-time 0"
    failback immediate
    no_path_retry 12
}
```

Multipath ina orodha yake ya hifadhi inazozijua, na orodha hiyo hushinda sehemu ya `defaults`. Aliyetengeneza hifadhi akikupa mipangilio yake, iweke kwenye sehemu ya `devices`, kisha hakiki kwa `multipathd show config`.

`no_path_retry 12` inamaanisha njia zote nne zikifa, seva itashikilia maandishi kwa takriban dakika moja kabla ya kutoa kosa. Usiweke `queue` bila kufikiri: programu zitaning'inia bila mwisho, haziuliki, na utalazimika kuzima seva kwa kitufe.

Anzisha upya huduma na uangalie:

```
systemctl restart multipathd
multipath -ll
```

Unachotaka kuona ni hiki:

```
size=2.0T features='1 queue_if_no_path' hwhandler='1 alua' wp=rw
|-+- policy='service-time 0' prio=50 status=active
| |- 6:0:0:1 sdb 8:16 active ready running
| `- 7:0:0:1 sdc 8:32 active ready running
`-+- policy='service-time 0' prio=10 status=enabled
  |- 8:0:0:1 sdd 8:48 active ready running
  `- 9:0:0:1 sde 8:64 active ready running
```

Kundi la 50 ni kontrola inayomiliki LUN hiyo, likiwa na njia moja ya buluu na moja ya kijani. Kundi la 10 ni kontrola ya akiba. Zikitokea njia zote nne kwenye kundi moja kwa hifadhi ya ALUA (inayoeleza ni kontrola ipi inamiliki LUN), kuna kitu hakijasomwa sawa: nusu ya kazi itapitia kontrola isiyomiliki LUN na kuvuka ndani ya kasha.

Tahadhari mbili nzito. Kwanza, kuanzia sasa tumia `/dev/mapper/mpatha` peke yake, kamwe usitumie `/dev/sdb`. Ukiunda LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) juu ya `sdb`, umeifunga kwenye kebo moja. Pili, LUN moja inayoonwa na seva tatu isipewe ext4 au XFS (mifumo ya faili ya seva moja) na kufunguliwa kwenye zaidi ya seva moja. Kila seva itaamini ni mwenye diski peke yake, na data itaharibika bila kutoa kosa lolote mwanzoni. Tumia LVM inayosimamiwa na klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya Proxmox, au mfumo wa faili wa klasta kama GFS2 au OCFS2.

## Hatua ya 8: Kata njia kwa makusudi

Fanya hivi kabla data halisi haijaingia. Ndani ya mashine pepe ya majaribio, anzisha mzigo kwa fio (programu ya kupima diski):

```
fio --name=jaribio --filename=/var/tmp/jaribio.bin --size=4G \
 --rw=randrw --bs=8k --iodepth=16 --ioengine=libaio \
 --direct=1 --time_based --runtime=1800
```

Iandike kwenye faili kama ilivyo hapa. Ukiielekeza kwenye diski yenyewe, itafuta kila kilichomo.

Kata kwa mpangilio huu, na kati ya jaribio na jaribio subiri njia 4 zirudi:

1. Chomoa kebo ya buluu ya seva. Zibaki njia 2.
2. Chomoa kebo ya kijani ya kontrola A. Zibaki 3.
3. Ng'oa waya wa umeme wa swichi 1. Usitumie amri ya kuzima. Ajali halisi haipigi hodi.
4. Rudisha umeme wa swichi 1 na utazame fio hadi swichi iamke kabisa. Mifumo mingi hupita jaribio la kuzima ikaanguka kwenye la kurudi, kwa sababu poti huwaka kabla ya kuanza kupitisha data.
5. Rudia la 3 na la 4 kwa swichi 2.
6. Anzisha upya kontrola inayomiliki LUN.
7. Zima UPS 1 nzima, kisha nyingine kwa zamu yake.

*Mafanikio:* fio inasimama kwa sekunde chache, isizidi 15 kwa majaribio ya kebo na swichi, kisha inaendelea bila kosa. `dmesg` (amri ya kusoma ujumbe wa kernel) ndani ya mashine pepe isiwe na makosa ya diski. Kontrola kuhama kunaweza kuchukua muda zaidi. Pima, na kama unakaribia sekunde 30, ongeza muda wa diski ndani ya mashine pepe.

Swichi moja ikiwa imezimwa, soma pia kasi ya poti zilizobaki. Zikifika ukomo wa 10G saa ya kazi nyingi, una ulinzi wa usiku tu.

## Hatua ya 9: Weka kengele

Hasara mbaya zaidi ni ile isiyosikika. Kebo moja inakufa mwezi wa tatu, kazi inaendelea kama kawaida, na mwezi wa tisa swichi ya pili inazima. Kwa hiyo hesabu njia kila dakika 5:

```
multipath -ll | grep -c 'active ready running'
```

Jibu sahihi ni 4 mara idadi ya LUN. Likipungua, itumwe barua pepe au ujumbe wa simu. Fuatilia pia makosa ya poti kwenye swichi. CRC (hesabu ya pakiti zilizoharibika njiani) zinazopanda kwenye poti moja ni kebo au SFP inayoelekea kufa, na unaweza kuibadilisha mchana wa kazi bila mtu kujua.

Famweya ya swichi sasisha upande mmoja, kisha ukae nao siku kadhaa kabla ya upande wa pili.

## Kama hifadhi yako ni NFS

Multipath ya hapo juu haifanyi kazi kwa NFS (kushiriki faili, si diski, kupitia mtandao), kwa kuwa hakuna LUN, na anwani inayotumika ni moja. Hapo ulinzi unarudi kwenye kadi: funga kadi mbili kwa bond (kadi kadhaa zinazoonekana kama moja) ya `active-backup` (moja inafanya kazi, nyingine ni akiba) yenye `miimon 100` (kukagua kebo kila milisekunde 100), VLAN moja na sabneti moja. Safari hii swichi lazima ziunganishwe, kwa kebo mbili zilizofungwa kwa LACP kati yao, la sivyo seva iliyohamia swichi 2 haitaifikia hifadhi iliyobaki swichi 1. Swichi zako zikiwa na MLAG (LACP inayovuka swichi mbili), unaweza kutumia LACP hadi kwenye seva na kufaidi kebo zote mbili. Seva inayotumia NFS na iSCSI kwa pamoja ipewe kadi za bond mbali na zile za iSCSI, na kebo ya kuunganisha swichi ibebe VLAN ya NFS peke yake, bila 110 wala 120.